Uzi: Maktaba yako ya Python haijakamilika mpaka mgeni aisakinishe kwa mstari mmoja

#1 FundiSaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna jambo linatukwamisha watengeneza programu wengi wa huku kwetu na naomba tulijadili kwa kina. Tunaandika msimbo mzuri kabisa, halafu unaishia kwenye folda ya laptopu au kwenye zip inayozunguka WhatsApp. Mwaka jana yalinikuta mimi, ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Nina maktaba ndogo ya Python (yaani msimbo ulio tayari ambao programu nyingine zinautumia) inayogeuza saa za kompyuta kuwa saa zetu za Kiswahili. Ukiipa 07:00 inakujibu "saa moja asubuhi", ukiipa 13:30 inakujibu "saa saba na nusu mchana". Hesabu yake ni fupi: unatoa sita, unagawanya kwa kumi na mbili, unachukua baki. Humu nitaiita saa_yetu. Jina lake halisi silitaji kwa sababu sikuja kuitangaza. Anayeitaka aje PM.

Nilimtumia rafiki yangu zip, naye akampa mwenzake. Miezi miwili baadaye akanipigia kijana wa Mwanza nisiyemjua, anatengeneza mfumo wa ratiba za mabasi. Akaniambia basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenye ubao wake linaandikwa "saa sifuri". Alikuwa sahihi. Sita ukitoa sita inabaki sifuri, na toleo langu la kwanza halikuigeuza sifuri hiyo kuwa kumi na mbili. Kilichoniuma ni kwamba kosa hilo nilikuwa nimeshalirekebisha wiki saba kabla ya simu yake! Rekebisho lilikuwa limekaa kwenye laptopu yangu, na kosa lilikuwa linasafiri. Sikujua zip ile wanayo watu wangapi, wala wao hawakuwa na njia ya kujua kama kuna mpya.

Taabu ya kusakinisha haipotei, lazima abebe mtu. Ama uibebe wewe mwandishi mara moja, ama uwaachie wanaokuja nyuma yako, kila mmoja aibebe upya peke yake. Kufungasha maktaba maana yake ni kuamua kwamba utaibeba wewe.

Kifurushi (cha msimbo, si cha bando) kinabeba mambo machache tu: jina, namba ya toleo, orodha ya maktaba nyingine kinazozihitaji, matoleo ya Python kinayoyakubali, na leseni. Hayo yote siku hizi yanakaa kwenye faili moja, `pyproject.toml`. Yangu ni hii:

```
[build-system]
requires = ["setuptools>=77"]
build-backend = "setuptools.build_meta"

[project]
name = "saa-yetu"
version = "0.2.0"
description = "Hugeuza saa kuwa saa za Kiswahili"
readme = "README.md"
requires-python = ">=3.9"
license = "MIT"
dependencies = []
```

Kisha unajenga na kupakia:

```
python -m pip install build twine
python -m build
twine upload --repository testpypi dist/*
```

Ule mstari wa mwisho unapeleka kifurushi TestPyPI, uwanja wa mazoezi. Ukiridhika ndipo unaondoa `--repository testpypi` na kupakia PyPI yenyewe, hazina kuu ya vifurushi vya Python. Tangu hapo mtu yeyote, awe Kigoma au Muscat, anaandika `pip install saa-yetu` (pip ndicho chombo cha kusakinishia vifurushi vya Python) na kazi imekwisha.

Tahadhari kwa wanaojifunzia mtandaoni. Masomo mengi bado yanafundisha `setup.py` inayoanza na `from distutils.core import setup`. Distutils iliingia kwenye Python mwaka 2000, ikatumika miaka mingi, na Oktoba 2023 ikaondolewa kabisa kwenye Python 3.12. Ukinakili somo la namna hiyo leo utapata `ModuleNotFoundError` na utadhani tatizo ni wewe. Si wewe, somo limepitwa na wakati.

Nimwage na mengine mawili niliyojifunza kwa kuumia.

La kwanza ni jina. Jina la kusakinishia na jina la kuitia ndani ya msimbo si lazima yafanane, na hapo ndipo wanaoanza wanapopotea. Unasakinisha Pillow unaita `PIL`. Unasakinisha beautifulsoup4 unaita `bs4`, PyYAML unaita `yaml`, opencv-python unaita `cv2`. Hizo zina historia zake na zimeshazoeleka. Yako inazaliwa leo, kwa hiyo fanya majina yafanane. PyPI yenyewe haitofautishi herufi kubwa na ndogo, wala haitofautishi kistari, mstari wa chini na nukta: `Saa_Yetu`, `saa.yetu` na `saa-yetu` kwake ni jina moja.

La pili ni vitegemezi, yaani zile maktaba nyingine ambazo yako inazihitaji. Ukiandika `requests==2.31.0` ndani ya maktaba, umemfungia mtu mlango. Yeye ana mradi wenye maktaba yako na maktaba ya mwingine aliyeandika `requests==2.32.3`. Pip haiwezi kuweka zote mbili pamoja, itakataa, na wewe ndiye uliyemkwamisha. Kwenye maktaba andika toleo la chini kabisa unalolihitaji, kwa mfano `requests>=2.28`. Kufunga matoleo kwa `==` ni kazi ya programu ya mwisho, ile inayokaa kwenye seva, kwa sababu haimsumbui mwingine.

Karibuni kwa maswali na marekebisho. Wenye uzoefu kunizidi, nisahihisheni.

---

#2 Neema_Kibodi

Shikamoo kaka FundiSaa. Asante sana kwa uzi huu, nimeuhifadhi.

Niko mwaka wa pili chuoni. Nimefuata hatua zako na folda ya `dist` imetokea na faili mbili: moja inaishia `.tar.gz`, nyingine `.whl`. Kwa nini mbili? Naweza kupakia moja tu?

---

#3 FundiSaa

Marahaba dada Neema. Umeuliza swali ambalo ndilo moyo wa mambo yote haya.

Ile `.tar.gz` ni msimbo chanzo wako kama ulivyo. Anayeipokea anapaswa kuijenga kwanza kwenye mashine yake ndipo aitumie. Ile `.whl` imeshajengwa. Ni zip ya kawaida tu, ukiibadilisha jina iishie `.zip` utaifungua na kuona faili zako ndani. Pip inachofanya ni kuifungua na kuziweka faili mahali pake. Muundo huo ulipitishwa kwa waraka wa PEP 427, mwaka 2013.

Kwa maktaba kama yako na yangu, ya Python tupu, tofauti huioni. Jina la faili litaishia `py3-none-any.whl`, yaani Python 3 yoyote, mfumo endeshi wowote. Tofauti inauma pale maktaba inapokuwa na sehemu iliyoandikwa kwa C au Rust. Bila `.whl`, kila anayesakinisha anahitaji kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine). Kwenye Windows, zana za kujengea za Microsoft peke yake ni gigabaiti kadhaa. Hebu mfikirie mwanafunzi mwenye bando la wiki, anataka kufanya zoezi moja la takwimu, anaambiwa ashushe gigabaiti ili ajenge kitu ambacho mwandishi angekijenga mara moja na kukiweka pale.

Mfano wa kweli: Februari 2021 maktaba ya cryptography ilitoa toleo 3.4, la kwanza kuhitaji Rust wakati wa kujenga. Faili za `.whl` zilikuwepo. Lakini wenye pip ya zamani, pip yao haikuutambua muundo wa faili zile za Linux, ikarudi kwenye `.tar.gz`, ikatafuta Rust, ikaikosa, ikaanguka. Wenye Alpine Linux nao hawakuwa na `.whl` ya mfumo wao wakati ule. Watu wengi waliamka wakakuta seva hazijengeki, na dawa kwa wengi ilikuwa mstari mmoja: `pip install --upgrade pip`.

Pakia zote mbili. `.whl` kwa ajili ya wanaotumia, `.tar.gz` kwa ajili ya wanaotaka kujijengea au kukagua.

---

#4 Mzee_wa_Seva

Nimefurahi kuona vijana wanalijadili hili kwa uzito. Niongeze historia kidogo.

Wazo hili halikuanza na Python. Watu wa lugha ya Perl walikuwa na CPAN, hazina yao ya vifurushi, tangu 1995, nao walilichukua kwa watu wa TeX waliokuwa na CTAN. Debian (moja ya mifumo ya Linux) walishaanza kufungasha programu tangu 1993. Sisi tuliokuwa tukihudumia seva miaka ile tulijua mateso ya kabla yake: unashusha `.tar.gz`, unajenga, inakwambia inahitaji kitu kingine, unakitafuta, nacho kinataka kingine. Siku nzima inaisha hujafika popote. Kwa Python, PyPI ilifunguliwa 2003, na pip aliitoa Ian Bicking mwaka 2008. Na kabla ya Python 3.4 ya mwaka 2014, pip yenyewe ilibidi uitafute kivyake.

Kwa hiyo mkiandika `pip install` na ikakubali kwa sekunde tatu, kuna watu walikesha.

---

#5 MlinziWaLango

Mkuu FundiSaa, nakubaliana na wewe nusu.

Kazi yangu ni usalama wa mifumo, na kila nikiona "mstari mmoja" napata wasiwasi. Urahisi huo huo unaowafikishia watu msimbo mzuri ndio unaowafikishia na mbaya. Kumbukeni left-pad: 22 Machi 2016, mwandishi mmoja alitofautiana na npm, hazina ya vifurushi vya JavaScript, kuhusu jina la kifurushi, akaondoa vifurushi vyake vyote. Kimoja, ndicho hicho left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu, kazi yake ni kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Miradi mingi mikubwa ya JavaScript ikashindwa kujengeka siku hiyo mpaka npm walipokirudisha, na baadaye wakabadilisha kanuni zao za kufuta.

Halafu xz, programu ya kubana faili, Machi 2024. Mtu aliyejiita Jia Tan alijenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akapewa funguo za kutoa matoleo. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa nyuma ndani yake. Aliyegundua ni Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, kwa sababu tu aliona kuingia kwenye mashine kwa SSH kunachelewa takriban nusu sekunde.

Sasa swali langu: kwa nini mtu asisakinishe moja kwa moja kutoka GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, kwa `pip install git+https://...`? Angalau pale msimbo unauona kwa macho.

---

#6 FundiSaa

Mkuu, hoja yako ni nzito na nimeifikiria kabla ya kujibu.

Kwanza hiyo njia ya git. Kwa kujaribu kitu ambacho hakijatoka, ni nzuri na mimi naitumia. Lakini kama njia ya kuwafikia watu ina kasoro. Inahitaji git (chombo cha kufuatilia mabadiliko ya msimbo) kwenye mashine ya mtumiaji. Inachukua hali ya tawi kwa wakati huo, kwa hiyo leo unapata hiki, kesho unapata kingine, isipokuwa umetaja alama au namba ya badiliko. Pip haiwezi kulinganisha matoleo ikachagua linalofaa. Na PyPI inakataa kifurushi ambacho vitegemezi vyake vimeandikwa kwa anwani ya moja kwa moja, kwa hiyo hakuna wa kujenga juu yako. Unarudi kwenye zip yangu ya WhatsApp, umebadilisha barabara tu.

Kuhusu xz, turudie jinsi ilivyofanyika, maana somo lake liko hapo hapo. Faili zenye sumu zilikuwa kwenye git, zimefichwa kama data za majaribio. Lakini skripti iliyoziamsha, ndani ya faili ya `build-to-host.m4`, haikuwa kwenye git kabisa. Ilikuwa kwenye `.tar.gz` ya toleo peke yake, ile ambayo mtoaji aliitengeneza kwa mkono wake na kuipakia. Aliyesoma msimbo GitHub angekosa kipande kile. Kati ya msimbo unaoonekana na kifurushi kinachopakuliwa kulikuwa na pengo, na mhalifu akajificha kwenye pengo lile.

Kwa hiyo jibu langu si kuacha kufungasha. Ni kuliziba pengo. Kifurushi kijengwe mahali pa wazi, kutoka kwenye alama ya toleo, bila mkono wa mtu katikati. Tangu Aprili 2023 PyPI ina utaratibu unaoitwa Trusted Publishing: unaiambia PyPI kwamba toleo la saa-yetu litoke kwenye hazina fulani ya GitHub, kwa mtiririko wa kazi fulani, na pale inapotumwa inapewa tokeni ya muda mfupi. Hakuna neno la siri la kuibwa kwenye laptopu yako. Na tangu 1 Januari 2024 mwenye mradi yeyote PyPI lazima awe na uthibitisho wa hatua mbili.

Na kwa mtumiaji kuna jambo ambalo wengi hawalijui: `.whl` haiendeshi msimbo wowote wakati wa kusakinisha, inafunguliwa tu. `.tar.gz` inaweza kuendesha chochote alichoandika mwenyewe, kwa jina la kujenga. Ukitumia `--only-binary :all:` unaukataa mlango huo. Ukiongeza `--require-hashes`, pip inakataa faili yoyote ambayo alama yake ya hashi hailingani na uliyoiandika. Msimbo wenyewe bado unaweza kuwa mbaya pale utakapouita, hilo siwezi kulipinga, na hapo ndipo tunawahitaji watu kama ninyi mnaokagua.

---

#7 MlinziWaLango

Nimekuelewa mkuu. Hiyo ya `.m4` kutokuwepo kwenye git nilikuwa naijua, ila sikuwa nimeitazama kama pengo la ufungashaji. Naongeza moja: angalieni tahajia. Wahalifu wanasajili majina yanayokaribiana na maktaba maarufu, wanasubiri kidole kiteleze. Nakilini jina kutoka kwenye nyaraka za mradi, msibahatishe.

---

#8 Mwalimu_Maabara

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa sekondari. Tuna chumba chenye kompyuta ishirini, intaneti hakuna. Nina simu na bando langu tu. Wanafunzi wanasoma Python, nataka niwape maktaba mbili tatu za kuchora grafu. Huu mstari mmoja mnaousema unatufaa vipi sisi?

---

#9 Kombo_Mvita

Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Hili nalijua vizuri, nilishawahi kulifanya kwenye kituo cha vijana.

Tafuta kompyuta moja yenye intaneti, hata kwa muda mfupi, ipewe mtandao na simu yako. Iwe na mfumo endeshi na toleo la Python sawasawa na zile za maabara. Andika hivi:

```
pip download -d vifurushi matplotlib
```

Itashusha matplotlib pamoja na kila inachokitegemea na kuweka vyote ndani ya folda ya `vifurushi`. Nakili folda ile kwenye flashi. Kwenye kila kompyuta ya maabara:

```
pip install --no-index --find-links=vifurushi matplotlib
```

`--no-index` inaiambia pip isiende mtandaoni kabisa. Umeshusha mara moja, umesakinisha mara ishirini.

Ikiwa kompyuta yenye intaneti ni ya Linux na maabara ni Windows, itaje wazi: `pip download -d vifurushi --platform win_amd64 --python-version 3.11 --only-binary=:all: matplotlib`. Badilisha 3.11 iwe toleo mlilo nalo. Usipofanya hivyo utashusha faili za Linux na zitakataa.

Na hapa ndipo nasema FundiSaa yuko sahihi. Njia hii yafanya kazi kwa sababu walioandika matplotlib na numpy waliziweka `.whl` za kila mfumo. Lau wangeacha msimbo chanzo pekee, mwalimu angehitaji kompaila kwenye mashine ishirini.

---

#10 Mwalimu_Maabara

Mungu akubariki ndugu Kombo. Kesho ni Jumamosi, naenda kulifanya.

---

#11 Juma_Debian

Wakuu mimi nimekwama mapema zaidi. Nimeweka Debian 12, nikiandika `pip install` chochote inaniletea `error: externally-managed-environment`. Kuna mtu kaniambia niongeze `--break-system-packages` na ikakubali. Ni salama?

---

#12 FundiSaa

Acha mkuu, usiizoee. Debian yenyewe inatumia Python kwa shughuli zake za ndani, na pip ikibadilisha maktaba ambazo apt (chombo cha Debian cha kusakinisha programu) imeziweka, unaweza kuvunja zana za mfumo. Ndiyo maana wakaweka kizuizi hicho, na jina la hiyo amri linakwambia wazi inachofanya. Tengeneza mazingira ya mradi wako peke yake:

```
python3 -m venv .venv
source .venv/bin/activate
```

Ikigoma, weka kwanza `python3-venv` kwa apt. Ndani ya hapo sakinisha unachotaka. Ikiharibika, unafuta folda ya `.venv` na kuanza upya.

---

#13 Bi_Kompaila

Nimechelewa kuuona uzi huu. Naandika maktaba ya kuchakata sauti yenye sehemu ya C, kwa hiyo habari ya `.whl` kwangu ni ya kila siku.

Mwenye sehemu ya C hapakii `.whl` moja, anapakia nyingi. Jina linakuwa kama hivi: `mfano-0.4.1-cp312-cp312-manylinux_2_17_x86_64.whl`. Lisomeni kutoka kushoto: jina, toleo, Python ya 3.12, muundo wake wa ndani, kisha mfumo. Kile kipande cha `manylinux_2_17` kina maana kubwa. Linux ziko nyingi, na programu iliyojengwa kwenye Linux mpya haikubali kwenye ya zamani kwa sababu ya glibc, maktaba ya msingi ya C. Dawa waliyoipata, kuanzia 2016, ni kujenga makusudi kwenye mfumo mkongwe: mwanzo CentOS 5, baadaye CentOS 7 yenye glibc 2.17. Kilichojengwa kwenye kongwe kinakubali kwenye mpya. Kwa Alpine kuna `musllinux`, kwa sababu Alpine haitumii glibc.

Msijaribu kujenga hizo zote kwa mkono. Chombo kinaitwa cibuildwheel, unakiwasha GitHub na kinajenga kwa Linux, Windows na Mac.

Kaka FundiSaa, nina swali: folda yako ya `saa_yetu` iko moja kwa moja kwenye mzizi wa mradi, au iko ndani ya `src`?

---

#14 FundiSaa

Iko kwenye mzizi dada. Niliona ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Kuna tatizo?

---

#15 Neema_Kibodi

Samahani kuwakatiza. Kaka FundiSaa, jana ulinipa jina PM nikasakinisha toleo lako 0.2.0. Imesakinika vizuri, lakini nikiiita tu inaleta hivi:

```
FileNotFoundError: [Errno 2] No such file or directory:
'.../site-packages/saa_yetu/vipindi.json'
```

Nimeangalia kwenye folda, kweli hiyo faili haipo. Nimekosea wapi?

---

#16 Bi_Kompaila

Dada Neema, hujakosea popote, na ndicho nilichokuwa nakihisi.

Kaka, ukiendesha majaribio ukiwa ndani ya folda ya mradi, Python inaiona folda ya `saa_yetu` iliyo mbele yake na kuitumia hiyo. Kile kifurushi kilichosakinishwa hakijaguswa. Kwako JSON ipo, majaribio yanapita. Kwa Neema hakuna folda, kuna kifurushi tu, na setuptools (chombo kinachojenga kifurushi) haibebi faili zisizo za Python mpaka uitaje. Msimbo ukiwa ndani ya `src`, Python haiwezi kuuona kwa bahati, kwa hiyo unalazimika kusakinisha kwanza ndipo ujaribu.

---

#17 FundiSaa

Neema, pole sana, na ahsante kwa kuleta kosa zima kama lilivyo. Dada Bi_Kompaila, ahsante, umeliona kabla sijaliona.

Maelezo kwa wengine: `vipindi.json` ndiyo inayosema saa ipi ni alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Niliihamishia huko kwenye 0.2.0 ili watu wa sehemu mbalimbali waweze kuibadilisha. Nimefanya haya usiku huu.

Nimehamisha msimbo kwenda `src/saa_yetu`. Nimeongeza kwenye `pyproject.toml`:

```
[tool.setuptools.package-data]
saa_yetu = ["*.json"]
```

Ndani ya msimbo sisomi tena faili kwa njia ya folda, natumia `importlib.resources.files("saa_yetu")`. Halafu nimeifungua `.whl` yenyewe kwa `unzip -l dist/*.whl` na kuhakikisha JSON imo, nikatengeneza venv mpya kwenye folda nyingine kabisa, nikasakinisha ile `.whl`, nikaendesha majaribio kutoka huko. Hatua hii ya mwisho ilipaswa kuwa kwenye post yangu ya kwanza. Nitaihariri.

Toleo ni 0.2.1. Nilitaka kufuta 0.2.0 na kupakia tena kwa namba ileile. PyPI hairuhusu, jina la faili likishatumika halirudiwi hata ukifuta, na ni sawa, kwa sababu vinginevyo watu wawili wangekuwa na 0.2.0 mbili tofauti. Badala yake 0.2.0 nimeiwekea alama ya "yank". Ipo kwa aliyeitaja kwa `==`, lakini pip haitampa mtu mwingine.

Yule kijana wa Mwanza nimeshampigia. Safari hii nilikuwa na la kumwambia: `pip install --upgrade`.

---

#18 Kombo_Mvita

FundiSaa, nimeisakinisha 0.2.1, yakubali. Lakini 16:00 yaniambia "saa kumi jioni". Kwetu Mombasa hiyo ni saa kumi alasiri. Nikutumie `vipindi.json` ya pwani ya Kenya?

---

#19 FundiSaa

Tuma kaka, tena upesi. Itaingia 0.3.0.

---

#20 Neema_Kibodi

0.2.1 inafanya kazi kwangu, Windows 10, Python 3.11. Nimejaribu saa zote ishirini na nne, 06:00 inasema saa kumi na mbili. Sasa naenda kuhamisha yangu kwenye `src`.